Ovataimu na bonasi ya kumaliza mapema: piga hesabu kabla hujawasha taa za saiti

Kilaenti akishatamka kwamba ukimaliza mapema kuna kitu juu, kontrakta wengi hapa Mombasa hupiga hesabu moja ya haraka palepale: bonasi ni elfu thelathini kwa siku, ovataimu ya vijana wote jioni inakuja kama elfu kumi na tisa, basi hapo kuna elfu kumi na moja ya bure kila siku, washa taa tupige kazi. Hesabu hiyo inaumiza watu sana. Elfu kumi na tisa ni gharama ya jioni moja ya ovataimu, elfu thelathini ni malipo ya siku moja nzima uliyookoa, na siku moja nzima haiokolewi kwa jioni moja. Ukifanya masaa mawili kila jioni unahitaji jioni nne kutimiza masaa 8, na hapo nimehesabu kana kwamba mtu aliyeshika mwiko tangu asubuhi anafanya kazi saa moja usiku vilevile kama saa mbili asubuhi, kitu ambacho hakipo.

Huu mwongozo ni wa kontrakta mdogo na wa kati, na foremani anayetaka kuelewa bosi wake anakataa nini, na hata mwenye nyumba anayeshangaa mbona kontrakta hakuikimbilia bonasi yake. Ntatumia mfano mmoja mwanzo mwisho, namba ni za kubuni, we weka zako. Tuseme una jengo la flati 16 kule Utange, stracha ishasimama, mbao za slebu ya mwisho zishafunguliwa, imebaki plasta kidogo, tailisi, mabomba, stima na rangi. Una mafundi 12 wa 1,500 kwa siku na vibarua 18 wa 800, jumla 32,400 kwa siku ya masaa 8, wiki ya siku 6. Mkataba unasema bonasi ni 30,000 kwa kila siku utakayomaliza kabla ya tarehe, mwisho siku 21, na ukichelewa unakatwa 30,000 hiyohiyo kila siku.

Hatua ya 1: rudi kwenye mkataba, usome kwa macho yako

Mikataba mingi ya ujenzi huku kwetu ina kipengele cha kukatwa ukichelewa lakini haina cha kulipwa ukiwahi, bonasi huja baadaye kwa mdomo, kilaenti kaja saiti Jumamosi na miwani yake ya jua kasema "mkimaliza kabla ya Disemba ntawaona." Ntawaona sio bonasi. Itake kwa maandishi na isainiwe, na uhakikishe maswali haya yamejibiwa.

Kumaliza ni nini hasa? Ni ile siku arkitekti anatoa cheti cha kazi kukamilika, ama ni siku kaunti imetoa cheti cha kuruhusu watu kuingia, ama ni siku mita za stima zimewaka? Hivi ni vitu vitatu tofauti, na viwili vya mwisho haviko mikononi mwako hata ukeshe saiti mwezi mzima. Kama bonasi imefungwa kwenye mita za stima, mi ningekataa kutumia hata shilingi moja ya ovataimu mpaka kipengele kibadilishwe.

Siku zinahesabiwaje, za kalenda ama za kazi? Ina tofauti, utaiona kwenye hatua ya 3.

Mvua je? Mei ndio mwezi wa mvua kubwa zaidi hapa pwani, na kwa kawaida unaweza kuomba uongezewe muda usikatwe. Sasa angalia kama ile tarehe ya bonasi nayo inasogea. Kuna mikataba inakuongezea muda wa kutokukatwa lakini tarehe ya bonasi inabaki palepale, na hapo umepoteza siku kumi kwa mvua kabla hujaanza mbio.

Na inalipwa lini? Pamoja na vailuesheni inayofuata (malipo ya kazi iliyopimwa mpaka hapo), ama mwisho kabisa kwenye akaunti ya kufunga kazi? Ovataimu utailipa Jumamosi hii.

Hatua ya 2: tafuta ni kazi gani inayoshikilia tarehe

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Sio kila kazi ukiiharakisha jengo linaisha mapema. Kuna ule mnyororo wa kazi, wenyewe wanaita kritiko pathi, ambao kazi moja ikichelewa siku moja basi jengo lote limechelewa siku moja, na kuna kazi nyingine zina nafasi ya kupumua wiki mbili tatu bila mtu kuona tofauti.

Kwenye mfano wetu tuseme ni tailisi. Fundi wa rangi hawezi kupiga mkono wa mwisho mpaka sakafu iishe, milango haiwezi kukatwa chini mpaka urefu wa tailisi ujulikane, plamba hawezi kufunga sinki na vyoo. Fundi stima yeye ana nafasi. Sasa ukisema saiti nzima ibaki mpaka saa moja usiku, unamlipa fundi stima ovataimu amalize wiki mbili kabla ya mtu yeyote kumhitaji, hiyo ni sadaka, na sadaka ina mahali pake.

Halafu kuna kazi ambazo ovataimu haizigusi kabisa. Zege halijui kama umelipa dabo. Slebu inataka kumwagiliwa maji wiki nzima na propsi zake, zile nguzo za kuishikilia, zikae mpaka injinia aseme zitoke, mara nyingi wiki mbili hadi tatu, na kama tarehe yako inashikiliwa na slebu basi kukesha hakusaidii, zungumza na injinia kuhusu mchanganyiko unaopata nguvu mapema, ulinganishe bei yake na bonasi. Plasta vilevile, ukiipaka rangi bado mbichi kwa unyevu wa huku itakutoka malengelenge kabla ya kilaenti kuhamia.

Njia rahisi ya kuijua kritiko pathi bila programu ya kompyuta: kaa na foremani, muandike kila kazi iliyobaki, mbele yake andika siku ngapi na inasubiri nini. Anza kutoka tarehe ya mwisho urudi nyuma. Ule mstari mrefu kuliko yote ndio wenyewe.

Hatua ya 3: siku moja iliyookolewa ina thamani gani

Watu huhesabu bonasi peke yake na kusahau vingine, na hapa ndio kosa linakwenda upande wa pili, mtu anakataa ovataimu ambayo ingemlipa.

Cha kwanza bonasi yenyewe. Kama ni siku za kalenda, ukiokoa siku 6 za kazi umeokoa wiki nzima, yaani siku 7, kwa hiyo kila siku ya kazi ni 35,000 sio 30,000. Cha pili gharama za kila siku za kuwa pale saiti: mlinzi, mshahara wa foremani na mtu wa stoo, kukodi jukwaa, maji ya bauza, choo, simu. Tuseme 12,000 kwa siku ya kalenda, siku ya kazi inakuwa 14,000. Cha tatu, mshahara wa kawaida wa wale watu ambao kazi yao imeisha siku moja mapema, manake kazi iliyofanywa jioni haitafanywa tena mchana. Kwa saiti nzima ni 32,400, kwa gengi la tailisi peke yake (tuseme mafundi 5 na vibarua 5) ni 11,500.

Kwa hiyo siku moja ya kazi iliyookolewa na saiti nzima ina thamani ya 35,000 na 14,000 na 32,400, jumla 81,400. Iliyookolewa na gengi la tailisi tu, 60,500.

Hapa pia ndio mahali pa kujua kama bonasi uliyopewa ni ya maana. Muulize kilaenti, ama jipigie mwenyewe, siku moja ya jengo kukaa tupu inamgharimu ngapi. Flati 16 za kodi ya 25,000 ni laki nne kwa mwezi, kama elfu kumi na tatu kwa siku. Lakini kama anataka kuzikodisha kwa wageni wa Disemba kwa 5,000 kwa usiku, zikijaa ni elfu themanini kila siku, na yeye anakupa thelathini, basi mna la kuzungumza. Mwaka 1994 baada ya tetemeko la ardhi la Northridge kule California, barabara kuu ya Santa Monica ilianguka, serikali ikamwekea kontrakta C.C. Myers bonasi ya dola 200,000 kwa kila siku atakayowahi. Akafanya kazi usiku na mchana akamaliza siku 74 kabla, piga mwenyewe, dola milioni 14.8. Bonasi ile ilikuwa kubwa namna ile kwa sababu barabara kufungwa kulikuwa kunaumiza mji mzima. Ghorofa ya Utange haifungi mji, kwa hiyo usije ukaiga kukesha kwa Myers na bonasi ya elfu tano.

Hatua ya 4: gharama ya ovataimu, na vyote vinavyofuata nyuma yake

Kisheria, saa ya ovataimu siku ya kawaida ni mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na siku ya mapumziko ama sikukuu ya taifa ni mara mbili. Najua saiti nyingi hulipa "mia mbili ya jioni" na mambo yanaisha hapo, lakini siku kibarua mmoja akienda ofisi ya leba na daftari lake, utalipa tofauti yote kwa mkupuo. Hesabu kwa kiwango cha sheria tangu mwanzo ili ujue kama bonasi inaibeba.

Saiti nzima, masaa mawili jioni:

Mishahara 32,400 gawa kwa 8 ni 4,050 kwa saa, mara moja na nusu ni 6,075, masaa mawili 12,150. Foremani naye anabaki, weka 900. Mafuta ya jenereta na taa 2,500. Chai na viazi karai, mtu 60, watu 30, hiyo 1,800. Nauli ya kuchelewa 50 kila mtu, 1,500. Makato ya nyumba upande wa mwajiri, asilimia 1.5 ya mshahara, na ovataimu ni mshahara, kama 200. Jumla 19,050 kila jioni, kwa wiki ya siku 6 ni 114,300.

Ile nauli usiidharau. Kijana wa Likoni akitoka Utange saa moja usiku, kuna matatu mpaka mjini, kuna foleni ya feri, anafika nyumbani saa tatu na kesho saa moja asubuhi unamtaka saiti. Asipopata nauli atachelewa kesho, na ukimpata amechelewa umerudisha ile saa uliyoinunua jana kwa bei ya moja na nusu.

Gengi la tailisi peke yake: 11,500 gawa kwa 8, mara moja na nusu, masaa mawili, ni kama 4,310. Foremani 900, taa za stima ya kawaida 700, chai 600, nauli 500, makato 80. Jumla kama 7,100 kila jioni, wiki 42,600.

Hatua ya 5: gawanya

Sasa jioni 6 za masaa mawili ni masaa 12, kwenye karatasi ni siku moja na nusu. Usiandike moja na nusu. Wiki za kwanza mi naandika saa ya ovataimu kama dakika 48 za kazi ya kweli, kwa hiyo wiki inakupa siku 1.2.

Saiti nzima: 114,300 gawa kwa 1.2 ni 95,250 kwa kila siku iliyookolewa. Thamani yake tulisema 81,400. Unapoteza karibu elfu kumi na nne kila siku unayowahi, na unavyozidi kuwahi ndivyo unavyozidi kupoteza, na kilaenti anakupigia makofi.

Gengi la tailisi: 42,600 gawa kwa 1.2 ni 35,500. Thamani 60,500. Faida elfu ishirini na tano kwa kila siku.

Jengo ni lilelile, bonasi ni ileile, tofauti ni nani amebaki jioni. Ukichukua kitu kimoja tu hapa chukua hii ya kugawanya, usilinganishe gharama ya jioni na bonasi ya siku.

Angalizo moja: ukiharakisha tailisi kwa siku kadhaa, kritiko pathi inaweza kuhama. Tailisi zikiwahi sana, sasa anayeshikilia tarehe ni plamba. Hapo ovataimu ya tailisi haina kazi tena hata kama hesabu ya juu bado inapendeza.

Hatua ya 6: uchovu, na tailisi za usiku

Masaa 48 ya kawaida na 12 ya jioni ni 60 kwa wiki. Kuna ripoti ya Business Roundtable ya Marekani ya mwaka 1980 ambayo watu wa ujenzi bado wanaitaja, ilisema wiki za masaa 60 zikiendelea zaidi ya kama miezi miwili, kupungua kwa kazi kunajumlika mpaka mradi unaisha nyuma ya pale ambapo watu walewale wangefika kwa wiki ya masaa 40. Soma tena hiyo. Unalipa zaidi na unachelewa. Na ile ni nchi za baridi, sio Mombasa mwezi wa tatu kaskazi ikiwa inakata pumzi, jua limepiga bati tangu asubuhi na unyevu hewani unashika shati mgongoni.

Kwa hiyo namba ya 1.2 usiiache imesimama. Wiki ya nne weka 0.75. Gengi la tailisi sasa ni 42,600 gawa kwa 0.75, yaani 56,800, faida imebaki elfu tatu na mia saba. Ikishuka 0.6 ni 71,000, ushaingia hasara. Ndio maana mi nasema ovataimu ya wiki tatu mfululizo inatosha, halafu wapumzishe wiki nzima ya masaa ya kawaida, ukitaka tena unaanza upya.

Na kuna gharama ambayo haiandikwi popote mpaka asubuhi. Fundi wa tailisi saa moja usiku ana glopu moja imening'inia kwenye waya katikati ya chumba. Akiinama, kivuli chake mwenyewe kinaangukia pale anapoweka tailisi. Krosi za kuachanisha tailisi zinakaa, uzi umevutwa, kila kitu anaona sawa, na kiganja chake kinapita juu kinaona sawa. Asubuhi jua la dirishani linaingia kwa chini, linalala juu ya sakafu, unaona kona tatu zimenyanyuka na mstari mmoja umekwenda upande kama reli iliyopinda. Klakiweki, yule mkaguzi wa kazi wa kilaenti, akiingia na ile sarafu yake anagonga gonga, zile zinazolia tupu anaweka alama ya chaki. Kubomoa na kurudia skwea mita 8 za sakafu, tailisi za 1,200 ni 9,600, gundi mifuko mitatu 2,100, watu wawili siku nzima 2,300: elfu kumi na nne. Zaidi ya nusu ya faida ya siku uliyookoa imekwenda, na ile siku nayo umerudisha kipande chake.

Dawa yake ni rahisi: weka taa mbili kubwa za pembeni, chini, zimulike sakafu kwa ubavu, kila kilichonyanyuka kinaonyesha kivuli chake hapohapo. Na jioni wape kazi isiyohitaji jicho kali, kuchanganya, kupandisha tailisi ghorofa ya juu, kupiga graoti (kuziba mianya ya tailisi) vyumba vya ndani. Kupanga tailisi za sebule ifanywe asubuhi.

Jukwaa la nje usiku, mi sikubali kabisa. Mtu akianguka, sheria ya fidia ya kuumia kazini ya 2007 iko pale na bima itauliza taa zilikuwa ngapi, na hakuna bonasi ya siku 21 inayolipa hilo.

Hatua ya 7: kabla hujalipa moja na nusu, jaribu vya bei nafuu

Badilisha masaa badala ya kuongeza. Miezi ya joto, anza saa kumi na mbili asubuhi, pumzika saa sita mpaka saa nane na nusu, malizia saa kumi na nusu. Ni masaa yaleyale lakini yale mawili ya adhuhuri ambayo watu huwa wamejikunyata kivulini hata hivyo, umeyahamishia asubuhi. Zege vilevile, la alfajiri linakushukuru kuliko la saa saba mchana, joto hulifanya lishike haraka na kupasuka.

Ongeza gengi la pili. Kama kuna ghorofa mbili hazijaguswa, mafundi watano wengine kwa bei ya kawaida ni nafuu kuliko watano walewale kwa moja na nusu, mradi una nafasi, una vifaa na una mtu wa kuwaangalia. Wakirundikana chumba kimoja hamna faida.

Panga siku za mapumziko kwa akili. Sheria ya ajira ya 2007 inataka kila mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, haijasema lazima iwe Jumapili. Saiti za huku zimechanganyika, Waislamu wengi wangependa Ijumaa yao, Wakristo Jumapili yao. Mkikubaliana kwa maandishi tangu mwanzo nani anapumzika lini, saiti inatembea siku saba na hakuna anayelipwa dabo kwa sababu hakuna aliyefanya kazi siku yake ya mapumziko. Sijaelewa mbona saiti nyingi hazifanyi hivi. Uchungu wake ni foremani, utahitaji wawili, na mafundi wanaotegemeana lazima uwapange vizuri.

Ramadhani usipange ovataimu ya jioni. Magharibi inaingia kama saa kumi na mbili na nusu, aliyefunga anataka kuwa nyumbani na futari yake, na ana haki. Weka shifti moja ya asubuhi mpaka saa nane bila kukatisha, na atakayetaka mwenyewe kurudi baada ya tarawehe mpe kazi za ndani zisizo na kelele.

Kelele hizo nazo: kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinaruhusu saiti kelele kidogo sana usiku kwenye makazi ya watu, mashine ya kukata tailisi saa mbili usiku katikati ya nyumba za watu itakuletea mgeni na barua. Kata zote mchana.

Na kabla ya yote hayo, angalia kama watu wako wanasubiri vitu. Ukikuta gengi limekaa saa nzima asubuhi likisubiri simenti iliyokwama kwenye foleni ya Nyali, ovataimu ya nini. Leta mzigo jana yake jioni, umeokoa saa moja ya bure.

Hatua ya 8: kaa na mafundi

Usiwatangazie ovataimu saa kumi na nusu jioni. Waambie Jumatatu, wiki tatu, siku hizi na hizi, bei hii, na anayekataa asinuniwe. Mi naona wape na kipande cha bonasi, tuseme asilimia 15 igawanywe kwa gengi lililoshika tarehe, ilipwe bonasi ikiingia, na useme wazi kwamba isipoingia hakuna. Kwenye hesabu yetu 35,000 yako inakuwa 29,750, bado inabeba, na utashangaa zile dakika 48 zinavyopanda.

Kama mafundi wako wa tailisi wanalipwa kwa skwea mita, na wengi ndivyo, basi hakuna moja na nusu, gharama yako ni taa, foremani, chai, nauli na nyongeza kidogo ya bei. Hapo ovataimu ni rahisi sana, lakini ubora uangalie mara mbili, manake anayelipwa kwa mita anakimbiza mita.

Hatua ya 9: pesa ya Jumamosi

Wiki tatu za gengi ni 127,800, zote keshi mkononi. Bonasi ya siku 4 za kalenda, ambayo ndio utapata kwa wiki tatu hizo, ni 120,000, na itakuja pengine baada ya miezi minne, tena kilaenti atakata kodi ya zuio ya asilimia 3 aipeleke KRA, ambayo utaidai kwenye ritani yako lakini leo hauna. Faida yako halisi iko kwenye ule mshahara na gharama za saiti ulizookoa, sio kwenye bonasi. Kama ovataimu unailipa kwa mkopo wa asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi minne ni kama 7,700, itoe kwenye ile faida ya 90,000 (siku 3.6 mara elfu ishirini na tano). Bado inalipa. Lakini kama huna hiyo laki na ishirini na nane na Jumamosi ya pili utawaambia vijana "subirini kidogo," usianze. Gengi ambalo halijalipwa ovataimu halirudi Jumatatu, na hapo hata tarehe ya kawaida utaikosa.

Hatua ya 10: pima kila Jumamosi

Kabla ya kulipa, pita na foremani mhesabu skwea mita zilizopangwa wiki hiyo na zilizokataliwa. Kama mchana gengi hupanga mita 40 kwa siku, wiki ya kawaida ni 240, wiki ya ovataimu ya siku 1.2 iwe 288 baada ya kutoa zilizobomolewa. Ikishuka 270, umefika 0.75, hiyo ndiyo wiki ya mwisho. Usingoje wajitetee, namba ishasema.

Na mkikaribia mwisho, siku kama kumi kabla, andika barua ya kumwomba arkitekti aje kukagua, itaje tarehe kamili unayosema kazi itakuwa imekamilika na uombe sahihi ya kupokea. Arkitekti akija baada ya siku sita za kungojwa, barua ndiyo itakayodai zile siku sita zako. Peleka na orodha yako mwenyewe ya kasoro ndogo ndogo, vitasa, silikoni, swichi zilizopinda, uwe ushazimaliza nyingi, manake jengo lenye kasoro mia moja litakataliwa cheti na siku zako zote za ovataimu zitaishia kwenye kurekebisha mbele ya klakiweki huku kalenda inahesabu.